Picha za Usiku na Haki ya Mpita Njia

Miongoni mwa mambo yanayowapendeza vijana wetu wa mwambao wanaokaa Nairobi kwa kazi au kwa masomo ni upigaji wa picha za usiku za namna ya pekee. Kamera huwekwa juu ya miguu mitatu isitikisike, na jicho lake huachwa wazi kwa sekunde kumi, au thalathini, au hatta dakika kadhaa, badala ya kufumbua na kufumba kwa nukta moja kama ilivyo ada. Kisha picha hizo huletwa nyumbani na kuonyeshwa barazani, na kila azionaye hustaajabu. Huiona Uhuru Highway imegeuka mto wa nuru, upande mmoja mweupe na upande wa pili mwekundu. Huliona jumba la KICC limesimama imara, na mawingu juu yake yamevutwa kama pamba inayosokotwa uzi. Huyaona majumba marefu ya Westlands yanang'aa, na chini yake njia tupu, safi, mfano wa mji wa hadithini usiokaliwa na mtu.

Baada ya kustaajabu, wazee huuliza. Masuala yao, tukiyakusanya, ni matatu. La kwanza: je, jambo hili lafaa katika dini? La pili: je, si kupoteza wakati? La tatu, nalo kwa kawaida huulizwa kwa mzaha: mbona watu hawamo? Kwa hesabu ya mwaka 2019 Nairobi ilikuwa na watu zaidi ya milioni 4. Wote hao wamekwenda wapi? Sisi twaona kwamba hilo liulizwalo kwa mzaha ndilo zito kuliko wenzake. Kwa hivyo tutayajibu mawili ya kwanza kwa ufupi, kisha tulikalie la tatu.

Ama suala la kwanza, maulamaa walikwisha kulijadili tangu kamera ilipoenea katika nchi za Waislamu. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu mwaka 1914 hadi 1920, aliandika risala khasa juu ya picha za kamera. Hoja yake, kwa mukhtasari, ni kwamba mpiga picha haumbi kitu; afanyalo ni kukizuia kivuli tu, mfano wa sura iliyomo katika kioo lau ingewezekana kuifunga isiondoke. Wako maulamaa wasiomkubalia, na ikhtilafu hiyo ingalipo hatta leo. Si makusudio yetu kuifufua hapa. Lakini twamuomba msomaji aliweke moyoni neno hili la kuzuia kivuli, kwani lazaa suala jingine ambalo hatuna budi kulijibu: ikiwa picha ni kivuli kilichozuiwa, ni nini hukumu ya kivuli ambacho hakikukaa muda wa kutosha kikazuiwa?

Ama suala la pili, kila pumbao lina mizani yake, na hili lina mtihani wake wa pekee. Saa yake nzuri ni mara tu baada ya jua kutua, mbingu ingali buluu na taa za mji zimekwisha kuwashwa. Nairobi iko karibu na mstari wa Ikweta, na huko jua huzama wima na giza halikawii. Buluu hiyo hudumu nusu saa au pungufu. Nayo ndiyo saa ya Magharibi. Basi kijana na ajipange. Msikiti wa Jamia uko katikati ya mji, karibu na njia hizo hizo azipendazo. Asali kwanza, na buluu itakayobaki itamtosha. Ama asiyeweza kuiacha buluu kwa ajili ya sala, ajue kwamba pumbao limekuwa bwana na yeye mtumwa. Zaidi ya hayo hatuoni lawama. Ni mchezo wa subira na hesabu, wala hauna kelele, na vijana wengi wana michezo iliyo mibaya zaidi.

Sasa tuliingie suala la tatu, na kwanza tuelewe jinsi watu wanavyopotea, kwani ajuaye sababu hahitaji kudhani kuwa hapa pana uchawi.

Ndani ya kamera mna kipande kinachopokea nuru. Zamani kilikuwa filamu, na siku hizi ni cha umeme. Kipande hicho hukusanya nuru kama birika lililowekwa chini ya mchirizi wakati wa mvua. Kitu kilichosimama huendelea kumimina nuru yake mahali pale pale kwa muda wote, na mahali pale hujaa. Kitu kinachokwenda humimina tone hapa na tone pale, na matone hayo hayajazi chochote. Na tufanye hesabu. Mtu atembeaye mwendo wa kilomita 5 kwa saa hukata mita 40 hivi kwa sekunde 30. Upana wa kiwiliwili chake ni kama nusu mita. Basi kila mahali apitapo hupaziba kwa muda wa theluthi moja ya sekunde. Katika picha ya sekunde 30, ukuta ulio nyuma yake huandikwa kwa muda unaokaribia mara 90 ya muda alioandikwa yeye. Mtu huyo ana jina, ana nyumba, ana watoto wanaomngoja. Lakini pichani ana sehemu moja katika 90, na sehemu hiyo jicho haliioni.

Taa ya gari ni mbali. Yapita kwa kasi kuliko mtu, lakini nuru yake ni kali hatta nukta moja yaitosha kuandika mstari. Ndiyo sababu pichani gari halionekani, wala dereva haonekani, na taa zake zaonekana tangu mwanzo wa njia hadi mwisho.

Hata mchana hufanyika hivyo hivyo. Mpiga picha huweka mbele ya kamera kioo cheusi kinachopunguza nuru kwa nusu, kisha nusu ya nusu, na kuendelea hivyo mara kumi. Mbili ikizidishwa kwa mbili namna hiyo mara kumi hufika 1,024. Basi picha ambayo ingechukua sehemu moja katika mia ya sekunde sasa huchukua sekunde kumi, na kwa kioo kizito zaidi, dakika kadhaa. Kwa hila hiyo Kenyatta Avenue huweza kuonekana tupu saa sita ya mchana siku ya Jumatatu.

Kanuni yake, basi, yaelezeka kwa maneno machache. Katika picha ya muda mrefu hubaki wawili: aliyesimama, na aliyebeba taa. Atembeaye gizani kwa miguu yake hufutika.

Jambo hili si geni, kwani lilizaliwa pamoja na picha zenyewe. Mwaka 1838 Mfaransa aitwaye Louis Daguerre aliipiga picha njia ya Boulevard du Temple mjini Paris, kutoka dirisha la juu. Njia ile ilikuwa na pirika nyingi za watu na magari ya farasi, lakini dawa za siku zile zilitaka nuru ya dakika kadhaa, basi wapitao wote wakapotea. Alibaki mtu mmoja kandoni, aliyekuwa amesimama akipigwa viatu rangi, na yule ampigaye rangi aonekana kwa shida miguuni pake. Wajuzi wa historia ya picha huwahesabu hao kuwa binadamu wa kwanza kuonekana katika picha ya kamera, kwa zile zinazojulikana. Ewe msomaji, tazama ajabu hii. Mji mzima ulipita, na aliyehifadhiwa ni mtu aliyetaka viatu vyake ving'ae. Na huyo aliyeving'arisha, kwa kuwa mikono yake ilikuwa kazini, hakuandikwa sawasawa.

Na wapiga rangi viatu wako Nairobi hatta leo, wamekaa katika pembe za njia za mjini na masanduku yao, na mteja amekaa juu anasoma gazeti. Kijana wetu akiweka kamera yake mbele yao atapata picha ile ile ya Daguerre: gazeti na kiatu vitaonekana, na mikono itakuwa moshi.

Lakini wapiga picha wengi hawasimami hapo. Wao huelekea magharibi ya mji, kwenye ile barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022, yenye urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Huipenda kwa sababu imepandishwa juu ya nguzo, hupinda vizuri, na magari yake hayasimamishwi na taa za njia panda. Waendao kwa miguu hawaruhusiwi kuipanda, wala wenye bodaboda, wala wenye tuk-tuk. Kwa hivyo mistari ya nuru hutoka safi kama iliyopigwa kwa rula. Na saa hiyo hiyo, chini yake na kandoni mwake, katika Waiyaki Way na katika njia zitokazo Lavington na Kileleshwa, watu wanarudi makwao kwa miguu: vibarua wa majengo, mayaya na wapishi waliotoka kazini, wachuuzi waliofunga biashara, wanaelekea Kangemi na Kawangware. Hawana taa. Wapita mbele ya kamera kundi baada ya kundi, na picha itokapo hayumo hatta mmoja wao. Wamebaki mlinzi aliyesimama langoni na mchoma mahindi aliye mbele ya jiko lake, nao kwa ukungu.

Je, picha hiyo ni kweli au ni uwongo?

Huenda akasema msemaji: kamera haina nia, na kisicho na nia hakisemi uwongo, hatta jicho letu hufanya vivyo hivyo. Twamkubalia. Kila mtoto wa mwambao amewahi kuzungusha kijinga cha moto gizani, akaona duara kamili ya moto ambapo hapana duara. Na Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufa Cairo yapata mwaka 1040, alilieleza jambo hili katika Kitab al-Manazir, kitabu chake kikubwa juu ya kuona. Alitoa mfano wa pia yenye rangi mbalimbali, ambayo ikizunguka kwa kasi huonekana ina rangi moja. Akauhesabu wakati kuwa ni mojawapo ya masharti ya kuona sawasawa: kisichopewa muda wake na jicho hakijulikani ni nini. Hakusema kuwa jicho ni rongo. Alitaka mtu ajue masharti ya jicho lake kabla ya kulitolea hukumu.

Basi na sisi tuseme hivyo juu ya kamera. Picha ya sekunde 30 yasema kweli tupu juu ya nuru: imepokea nuru kiasi hiki hapa, na kiasi hiki pale, kwa muda huu. Ikisomwa hivyo haina kasoro. Uwongo huingia pale inapoandikwa chini yake kwamba hii ndiyo Nairobi saa moja ya usiku. Nairobi haikuwa hivyo kwa saa yoyote, wala kwa nukta yoyote. Hakuna jicho la binadamu lililowahi kuiona njia ile tupu jioni ile.

Na hapa ndipo mpiga picha anapotengana na kamera yake. Wahenga wetu walisema macho hayana pazia. Kamera inalo pazia, na kamba ya pazia hilo imo mkononi mwa mtu. Yeye ndiye aliyechagua sekunde 30 akaacha nusu sekunde. Tena, kwa muda wote ule pazia lilipokuwa wazi, yeye hakuwa na kazi yoyote, kwani haruhusiwi hatta kuigusa kamera isije ikatikisika. Alisimama kando akatazama. Aliwaona wale vibarua na mayaya wakipita, mmoja mmoja, na yamkini wengine walimsalimu. Kamera ina udhuru wa kutojua, na yeye hana. Katika mambo ya ushahidi, hakimu humuuliza shahidi ameona nini, na humuuliza pia alikuwa amesimama wapi na alitazama muda gani. Shahidi akilitaja aliloliona kwa ncha ya jicho, na akalinyamazia lililopita mbele ya uso wake, kila neno lake laweza kuwa kweli na ushahidi wake ukawa dhulma.

Atasema mwingine: ninyi mwalikuza jambo dogo, hizi ni picha za kupamba ukuta, wala hapana anayedanganyika. Twajibu kwamba picha moja ukutani haidanganyi mtu. Lakini jicho lina mazoea, na mazoea hujengwa na vitu vidogo vinavyorudiwa. Picha za namna hii ndizo zilizojaa katika kalenda na katika matangazo ya majumba ya kupangisha, na ndizo zinazotumwa ng'ambo mtu akitaka kusifu mji wake. Mtu akizoea kuuona mji mzuri usio na wapita njia, mwisho wake huwaona wapita njia kuwa ndio waliouharibu uzuri wa mji. Kuna methali isemayo: asiyekuwapo na lake halipo. Ubaya wa kumfuta mtu aliyekuwapo ni kwamba lake nalo hufutika pamoja naye. Asiyeonekana njiani hatengenezewi kando ya njia, hawekewi taa, wala hajengewi daraja la kuvukia.

Wala hili si jambo la mfano tu. Katika Kenya, kwa kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2024, waliokufa kwa ajali za barabarani walikuwa zaidi ya 4,000, na waendao kwa miguu ndio kundi kubwa kuliko yote katika waliokufa. Dereva aliyechoka, anayetoka Westlands usiku, hufanya akilini mwake kazi ile ile ya kamera. Aziona taa zilizo mbele yake na taa zinazomjia, na njia iliyobaki kwake ni tupu. Atembeaye bila ya taa hakuandikwa katika jicho lake mpaka saa imekwisha kupita. Kwa hivyo kijana anayejifunza kwa kamera jinsi mtu anavyopotea kati ya taa amejifunza jambo ambalo laweza kuokoa roho ya mtu siku atakaposhika usukani. Hatujui pumbao jingine linalofunza somo hilo kwa uwazi kama hili, na ndiyo sababu hatukutaka kulikataza.

Liko pingamizi moja ambalo ni zito kuliko yote, na inatupasa tulitendee insafu. Atasema mcha Mungu: bali picha hizi ndizo bora, kwa kuwa zasitiri watu. Kupiga picha za watu njiani bila ya idhini yao, khasa wanawake, ni jambo la kuchukiza. Na kamera ya muda mrefu humpitisha kila mtu bila ya kumfedhehi. Vipi mwaitaka sitara kisha mwailaumu?

Twasema: maneno haya ni ya haki, lakini yamechanganya vitu viwili. Kusitiri ni kitu kimoja na kufuta ni kitu kingine. Anayesitiriwa anajulikana kuwa yupo. Tunapoweka pazia mlangoni, pazia lenyewe hutangaza kuwa ndani mna watu wenye heshima yao. Nyumba isiyokuwa na watu haitiwi pazia. Anayefutwa hana pazia wala mlango. Kwa hivyo sitara humwongezea mtu heshima, na kufutwa humpunguzia, ijapokuwa katika hali zote mbili uso wake hauonekani.

Na uzuri wa sanaa hii ni kwamba kamera yenyewe yatuwezesha kutenganisha mawili hayo. Turudi kwenye hesabu yetu. Mtu yule yule, kwa mwendo ule ule, akipigwa picha ya nusu sekunde husogea sentimita 70 hivi. Hapo uso wake haujulikani, wala nguo yake haiwezi kutambulika ni ya nani; lakini umbo la mtu limebaki, limeinama kidogo mbele, na mguu mmoja umewekwa chini. Kila aitazamaye picha hujua kwamba hapa alipita binadamu, na alikuwa na haraka ya kufika. Akipigwa picha ya sekunde mbili hukata mita 2 na zaidi, akawa mfano wa moshi, naye bado ni alama. Akipigwa ya sekunde 30 hakuwa chochote. Katikati ya sekunde mbili na thelathini ndipo ulipo mpaka baina ya kumsitiri mtu na kumfuta. Sisi hatujui chombo kingine ambacho mpaka wa adabu waweza kupimwa juu yake kwa nambari namna hii.

Basi jawabu letu kwa wale waliouliza kwa mzaha watu wamekwenda wapi ni hili: hawakwenda popote, walikuwapo, na mwenye kamera aliwaona. Na jawabu letu juu ya kivuli kisichozuiwa ni kwamba kivuli hicho ni amana ya aliyekiona. Kamera haikuweza kukihifadhi, na kwa hivyo akihifadhi yeye.

Vipi atakihifadhi? Kwanza, autaje muda. Aandike chini ya picha kwamba ni ya sekunde 30, ili atazamaye ajue kuwa mbele yake pana nuru ya nusu dakika iliyorundikwa pamoja. Neno hilo dogo laigeuza picha kutoka madai ya uwongo kuwa ushahidi wa haki. Pili, asiiache picha tupu peke yake. Mahali pale pale, kamera ikiwa haijaondolewa, apige na nyingine ya nusu sekunde, na aziweke pamoja. Aliyeistaajabia ya kwanza ataelimika na ya pili. Tatu, na hili ndilo kubwa, zile sekunde ambazo mkono wake hauna kazi azitumie kwa macho yake. Awatazame wapitao. Akisalimiwa aitike. Hakuna sharti la sanaa lililosema mpiga picha awe kiziwi.

Wala tusidhani kuwa haya ni ya Nairobi peke yake, sisi wa mwambao tukajiona tumesalimika. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 walikuwako Unguja wapiga picha kama akina Gomes na Coutinho, ambao picha zao za mji na za watu zimehifadhiwa hadi leo. Katika picha za zama hizo nyumba za mawe na minara hutokea wazi, na mara nyingi penye njia huonekana doa kama moshi. Doa lile lilikuwa mtu. Yamkini alikuwa mchukuzi mwenye mzigo kichwani, kwani mwenye mzigo hawezi kusimama akangoja.

Na kumbukumbu zetu zenyewe hufanya kazi kama kamera ile. Mombasa sote twaijua Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno baina ya mwaka 1593 na 1596, na jina la Mtaliana aliyeichora, Giovanni Battista Cairati, limo vitabuni. Waliochimba mawe ya matumbawe, waliochoma chokaa, waliobeba jua kali mgongoni mwaka baada ya mwaka, hatuna jina la hatta mmoja wao. Hivyo ndivyo tunavyowakumbuka wenye nyumba na tukawasahau waliokata boriti zake. Aliyekaa mahali pamoja muda mrefu, na aliyekuwa na nuru ya mali au ya cheo, ameandikwa. Waliopita wakifanya kazi wamekuwa moshi. Historia nayo ni picha ya muda mrefu, wala haisemi uwongo juu ya kuta. Lakini ajue kila mwenye kuisoma kwamba kuta hazikujijenga.

Kwa hivyo, enyi vijana, endeleeni na kamera zenu, na mtuletee picha zenu tuzione, kwani ni nzuri kweli. Na mtakapotuletea, mtueleze na wale ambao hawamo: walikuwa wangapi, wakielekea wapi, na ilikuwa saa ngapi. Wazee barazani watawasikiliza. Na msipokumbuka idadi yao, jioni nyingine mkisimama kando ya Waiyaki Way na pazia la kamera likiwa wazi, wahesabuni.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie macho yenye insafu. Wa billahi tawfiq.